Msanii wa Bwera na Miguu ya Mama Ithungu

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimeacha kuwa mpiga picha. Mimi ni msanii.

Uamuzi umenifikia asubuhi, kabla hata ya chai. Nimeona kwenye simu: maonyesho makubwa ya picha za sanaa, ukumbi wa hoteli mjini Kasese, Jumamosi ya wiki ijayo! Mada ni watu na kazi yao. Kila mtu anapeleka picha zake, na Madamu Benedicte, mwanamke wa Butembo, Kongo, aliyesomea mambo haya Ulaya, ndiye atakayechagua. Nimetazama picha alizowahi kuzichagua huko nyuma. Hakuna anayecheka. Moja ni ukuta tu. Nikajiambia: Karuhanga, kumbe ulikuwa umelala!

Nimeanza papo hapo. Nimeng'oa pazia la studio, lile lenye maporomoko ya maji na ndege inayopaa juu yake. Miaka yote watu wa Bwera, mji wetu huu wa Uganda mpakani na Kongo, wamesimama mbele ya ndege hiyo wakijifanya wanasafiri. Basi, imetosha! Mteja wa kwanza alitaka picha ya kibali cha kuvuka mpaka. Nikamwomba ageukie ukuta nipige kisogo, maana kisogo hakijui kudanganya. Akaniuliza kama nimekula. Nikamjibu kwamba msanii hali mapema. Akaenda kwa Xavier.

Xavier! Studio yake iko ng'ambo ya barabara. Mkongomani, mpole, meno yote yapo, na ana printa kubwa kuliko zote hapa Bwera. Harusi zote zinakwenda kwake. Bibi harusi anacheka, bwana harusi anacheka, mpaka keki inacheka. Hiyo si sanaa hata kidogo. Nasikia naye anapeleka picha Kasese. Tutaonana huko huko.

Mabel, mke wangu, aliporudi kutoka sokoni Mpondwe akaukuta ukuta uko uchi. Akatoa hukumu mzigo wa vitenge ukiwa bado kichwani. Baba Bright, akaniambia, ukichaguliwa, chumba cha mbele kibaki chako. Usipochaguliwa, anampa rafiki yake Marie-Louise aweke saluni, nami niende kwa Xavier nikamshikie taa kwenye harusi. Kumshikia taa Xavier! Heri nife.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa ajili ya usalama. Mabel hakipendi, siku zote anasema ni lugha ya askari. Kutwa yuko sokoni na wateja wake Wakongomani, sijui wanaelewana vipi, labda kwa vidole. Humu nina uhuru wangu.

Jumatano, 5 Februari

Mpango wa kwanza: mikono ya wabadilisha fedha mpakani. Mikono tu, bila wenyewe. Nilijibanza nyuma ya lori la vitunguu nikapiga. Loo, mikono ile! Kumbe mmoja ulikuwa wa askari aliyekuja kununua muda wa maongezi. Afande akanidaka ukosi. Weka chini! Kaa chini! Futa! Nikafuta. Nikajaribu kumweleza kwamba mkono wake una huzuni ya taifa zima. Akaniamuru nifute tena, ingawa hakukuwa na kitu kilichobaki cha kufuta. Wabadilisha fedha walicheka hadi wakakosea kuhesabu, halafu wakanilaumu mimi.

Na nani apite wakati huo nimechuchumaa vumbini? Xavier. Akashuka kwenye bodaboda, akamwamkia afande kwa heshima, akasema huyu iko mukubwa wetu wa hapa hapa, ni mupiga picha, hana mubaya. Nikaachiwa. Hata akanipangusa vumbi mgongoni mbele ya watu.

Sitamsamehe.

Ijumaa, 7 Februari

Mpango wa pili, na huu hauna askari: chumvi ya Katwe! Tonny wa bodaboda amenipeleka. Njiani tukakuta tembo kando ya lami. Nikamwambia asimame nipige miguu yao. Akaongeza mwendo. Kijana hana jicho.

Katwe! Ziwa linanuka mayai mabovu, jua linachoma, na watu wamezama hadi mapajani ndani ya maji ya chumvi, kila familia kwenye kidimbwi chake kilichozungushiwa matope na vijiti. Nguo zimechanika. Nyuso zina matope. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikapelekwa kwa Mama Ithungu, mjane mwenye kidimbwi alichoachiwa na mama mkwe wake, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa pale. Nikamweleza kwa unyenyekevu: nataka kuwapiga picha, itundikwe Kasese, watu wakubwa waje kuitazama. Nikasisitiza kwamba nawataka kama walivyo. Kama walivyo kabisa!

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hakuna aliyewahi kuja kuwaomba jambo la heshima kama hilo, na nirudi Jumatatu, watakuwa tayari.

Mtu wa chumvi anahitaji kujitayarisha nini? Sikuuliza. Nimerudi Bwera nikiimba nyuma ya pikipiki, na inzi wawili nimewameza.

Jumatatu, 10 Februari

Ole wangu.

Gomesi! Yale magauni ya sherehe yenye mabega yaliyochongoka! Wote gomesi! Mama Ithungu kavaa ya kijani yenye mshipi unaong'aa, na viatu vya kanisani, na mkoba. Mwenzake kashika mwavuli. Mzee Kiiza, anayekata chumvi ya mawe katikati ya ziwa, kavaa suti, na lebo bado iko kwenye mkono wa koti. Hataki iguswe, maana ndiyo inayoonyesha kwamba suti ni mpya. Wamefagia ukingo wa kidimbwi. Wameazima kiti kanisani, wakakitandika kitambaa cha kufuma, na pembeni maua ya plastiki. Nusu ya Katwe haikufanya kazi leo kwa ajili yangu.

Nikawasihi wabadilishe, wavae nguo za kazi. Wakatazamana. Mama Ithungu akaniuliza polepole kama mimi nyumbani humpiga mama yangu picha akiwa amejifunga tambara la kupigia deki. Nikasema jamani, si nilisema kama mlivyo? Akanijibu kwamba hivi ndivyo walivyo. Matope ni kazi tu, jioni yanaoshwa.

Kisha akanivuta kando, akatoa kitambulisho mkobani. Hiyo ndiyo picha pekee aliyonayo duniani. Walimwambia avue kitambaa cha kichwani, asicheke, asipepese macho. Anaonekana kama mwizi wa kuku. Mume wake naye vivyo hivyo. Alipofariki walikuza ile ya kitambulisho wakaiweka juu ya jeneza, na wajukuu waliozaliwa baadaye wanamjua babu yao kwa sura hiyo tu, mtu aliyeogopa. Na mzee mwenyewe alikuwa akicheka mpaka anakaa chini! Sasa yeye anataka moja, yenye uso wake, chumvi yake ikiwa nyuma, ya kuwekwa juu ya jeneza lake siku Mungu akimwita. Hataki kitu kingine. Nikamwahidi. Nikafuta lenzi mara mbili, nadhani ni ile chumvi ya ziwa.

Nikampiga. Katikati, wima, mkoba mapajani, meno yote nje, kama picha ya Xavier. Haraka haraka ili niimalize. Ndipo nikaanza sanaa. Nikamwomba avue viatu, apandishe gomesi kidogo, atie miguu majini. Nadhani alinihurumia, akakubali. Miguu gani hiyo! Imepasuka, na kila ufa una chumvi yake. Nikarudi nyuma nipate na anga. Nikarudi tena kidogo. Nikaingia kidimbwini kwa Mzee Kiiza, mimi na kamera, chali.

Walinivuta kwa mti mrefu kama gogo la ziwani. Akina mama walicheka mpaka mishipi ikalegea. Nimefika Bwera nikiwa mweupe, nimekauka, na suruali inalia kila nikipiga hatua. Mabel akanipokea mlangoni. Alinionyesha tu lilipo beseni.

Jumatano, 12 Februari

Kamera imekufa. Niliizika ndani ya mchele wa Mabel, maana wanasema mchele hunyonya maji. Umenyonya na chumvi. Mabel akaupika bila kujua, na wageni wake wa kanisani wamekula kimya kimya kwa adabu, kisha wakamaliza jerikeni ya maji. Nami nimekaa kimya kwa adabu.

Lakini memori kadi i hai! Nimechagua kazi tatu. Ya kwanza "Unyenyekevu", ni miguu ya Mama Ithungu. Ya pili "Kuanguka", ukungu mweupe, ilijipiga yenyewe nikiwa njiani kwenda majini. Ya tatu "Ukimya", ni nyeusi tupu, kifuniko kilikuwa bado kwenye lenzi. Hiyo ya tatu inanitisha mimi mwenyewe kwa uzito wake. Ya Mama Ithungu na mkoba nimeiacha humo humo kwenye kadi. Nitamchapia siku nyingine tukijaliwa. Jeneza haliko mlangoni.

Balaa ni kwamba printa kubwa ni ya Xavier tu. Nikamtuma Tonny na kadi, nikamwonya aseme ni kazi ya mtu wa Nyakiyumbu. Akarudi na bahasha na salamu. Xavier anamusalimia mukubwa Karuhanga, anamupa pole ya kamera na ya kidimbwi. Picha tatu amezibandika kwenye ubao mwembamba. Na ile ya mama wa jeneza ameichapisha pia, kubwa, ameitia na fremu, bure, eti mama mzee akiahidiwa kitu asingojeshwe.

Amejuaje ni mimi? Amejuaje habari ya kidimbwi? Ya jeneza je? Sijamwambia mtu hata mmoja! Nimeandika humu tu, na kitabu hiki hulala chini ya godoro, tena upande wa Mabel, ambako hakuna mtu anayeweza kufikiria kukitafuta.

Hii ni hujuma. Xavier anataka Madamu Benedicte aone picha ya kucheka katikati ya kazi zangu anidharau. Nilitaka kuitoa, lakini Mabel alikuwa anakwenda Kasese kumwona mtoto wetu Bright shuleni. Akaichukua bahasha yote na fremu kwapani, akasema atapitisha hotelini, na bodaboda ikaondoka naye. Nyumba hii kila mtu ananiharakisha.

Ijumaa, 14 Februari

Nimechaguliwa! Nimechaguliwa! Chumba ni changu!

Madamu Benedicte amepiga simu mwenyewe. Nikamuuliza, ni "Ukimya", sivyo? Akasema ni ya mama mwenye mkoba. Akasema ameitafuta picha kama hiyo muda mrefu, mtu wa kazi ngumu ambaye hakuombwa aonekane mnyonge, aliyejipamba mwenyewe akakutazama machoni kama mgeni anayekaribishwa. Kuhusu miguu, akasema miguu ya maskini imeshapigwa picha za kutosha, iachwe ipumue. Kuhusu ile nyeusi aliuliza kama printa iliharibika.

Nikamwambia kwamba mama mwenye mkoba ndilo lilikuwa kusudi langu tangu mwanzo. Lakini moyo unaniuma. Picha inayocheka! Xavier naye kachaguliwa, ya mwoka mikate aliyejaa unga, anacheka. Sasa mimi na Xavier tuna tofauti gani?

Mabel amefurahi, ila anasema chumba atakithibitisha kesho akishaiona ukutani kwa macho yake. Mama Ithungu amepelekewa habari. Amejibu kwamba anakuja na kikundi chake chote, na wajukuu, wakamwone bibi yao.

Nimewaza sana. Picha tatu zilizokataliwa nitazichukua kesho hapo hapo mapokezi. Na kila msanii anatundika yake mwenyewe. Msumari ni wangu. Mwenye msumari ndiye mwenye neno la mwisho.

Jumapili, 16 Februari

Jana. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilitundika miguu. Ya Mama Ithungu nikaificha nyuma ya friji ya soda. Madamu Benedicte alikuwa ameshughulika na wageni wake, hakuona. Miguu ilipendeza pale ukutani! Bwana mmoja mwenye miwani alisimama mbele yake akakunja uso. Nilijisikia nimezaliwa upya.

Alasiri wakaingia watu wa Katwe. Gomesi zile zile, suti ile ile, lebo ile ile. Mama Ithungu mbele, na wajukuu wake wamemshika gomesi. Walipita picha moja moja. Kila aliyepigwa picha yeye alimwamkia, kama ametembelea watu nyumbani kwao. Mwishowe wakafika kwangu. Mjukuu mkubwa akamsomea jina langu. Mama Ithungu akatazama. Akarudi nyuma kidogo, akainua macho juu ya ubao, kana kwamba sehemu iliyobaki imepandia darini. Kisha akalitambua kovu la kidole chake.

Akaniuliza, bila hasira, mwanangu, nani amenikata?

Akauliza kama siku ya mazishi yake watu watalilia miguu. Wajukuu wakaitazama miguu, wakamtazama usoni, wakaitazama tena miguu. Hakulia. Alifungua mkoba, akaufunga, akasema haya, tumeona, twendeni. Heri angenitukana. Niliona aibu, naandika wazi, aibu ya kweli.

Nikakimbia. Nikapita katikati ya wageni, nikamwaga soda ya mtu, nikaichomoa picha nyuma ya friji, nikaifuta vumbi kwa shati langu jipya. Niliporudi Xavier alikuwa ameshaishusha miguu na kuniwekea kiti. Umeme ukakatika wakati huo huo, ungedhani umelipwa. Nikapanda kitini nikitafuta msumari gizani kwa vidole, na chini yangu kulikuwa na mtu aliyeniinulia taa ya simu. Ni Xavier. Alinishikia taa mpaka nikamaliza.

Loo. Alikuwa mkubwa pale ukutani! Anacheka, mkoba mapajani, chumvi imetanda nyuma yake yote. Watu wakawasha simu zao kumwona. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Kiiza akavua kofia. Mama Ithungu akaitazama muda mrefu, akasema, huyu ndiye mimi. Akawaambia wajukuu wamtazame vizuri wasije wakamsahau. Madamu Benedicte alikuwa akifuta macho. Mabel naye alifuta, akasema ni vumbi la friji.

Kisha Mama Ithungu akaishusha.

Akaitoa ukutani, akaifunga kwenye kitenge, akaniombea baraka kwa sauti mbele ya watu wote, akaondoka nayo. Nikamfuata hadi nje nikimweleza kwamba maonyesho ndiyo kwanza yameanza. Akanishika shavu. Akasema Mungu hajamwambia anakuja lini, sasa ataiachaje Kasese? Nikamtazama Madamu Benedicte anisaidie. Akasema mwache mama aende na uso wake.

Basi pamebaki jina langu na msumari. Niliutazama sana ule msumari jana. Una kitu.

Jumatatu, 17 Februari

Chumba ni changu, Mabel amethibitisha. Marie-Louise ameambiwa atafute kwingine. Xavier ameniazima kamera yake ya zamani, na sijaamua bado kama nimsamehe.

Tangu asubuhi kuna foleni mlangoni. Wazee! Wa Katwe, wa Nyakiyumbu, na mama mmoja kavuka mpaka. Wote gomesi na suti, wote wanataka picha kama ya Mama Ithungu, ya kucheka, ya kuwekwa juu ya jeneza. Mabel amelirudisha pazia la maporomoko. Babu mmoja ameomba ndege ionekane vizuri, maana safari yenyewe iko karibu.

Mimi nimejifungia ndani. Nimejifunza jambo kubwa Kasese. Baada ya Mama Ithungu kuondoka, watu walisimama mbele ya msumari mtupu muda mrefu kuliko mbele ya picha yoyote. Walinong'ona. Yule mwenye miwani alirudi kuutazama. Msumari! Sanaa ya kweli ni kile kisichokuwepo! Kwa hiyo nimegongomea misumari ukuta mzima wa ndani na naipiga picha mmoja mmoja. Mteja wa kwanza nimemwingiza, nikamwomba ageukie ukuta awe kivuli cha msumari. Ametoka akiita watu.

Sasa hivi Mabel anagonga mlango. Amepaza sauti kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa: fungua haraka, wazee watakufa hapa nje kabla hawajapata picha ya kufia, na asisikie tena habari ya kisogo, wala ya msumari, wala eti una kitu.

Nimeshangaa. Kiswahili hicho kakitoa wapi? Lazima ni kwa yule afande. Hata hivyo sina wasiwasi, kuongea si kusoma. Nafungua mlango, lakini kwanza nakirudisha kitabu mahali pake pa siri, chini ya godoro, upande wa Mabel.